John Akii-Bua na Hesabu ya Kuruka Viunzi

Mwaka huu kalamu yangu nimeielekeza kwa marehemu John Akii-Bua wa Uganda, mtu ambaye wazee wetu wakilisikia jina lake hutingisha kichwa, na sisi vijana tukilisikia huuliza alikuwa anachezea timu gani. Hakuchezea timu. Alikuwa mkimbiaji wa mita 400 za kuruka viunzi. Lakini kabla sijaingia kwa habari zake, wacha kwanza nikupitishe kwenye mtaro.

Sisi tuliokulia huku kwetu Kabiro, awe ni mtu wa Kawangware au wa Kibera, tumeruka mitaro tangu tukiwa watoto wa chekechea. Mvua ya masika ikinyesha usiku kucha, asubuhi unakuta mtaro umefura, maji ni meusi, na kile kibao cha kuvukia kimebebwa na maji (au kimebebwa na mtu, lakini hiyo ni habari nyingine). Utafanya nini na kengele ya shule inakaribia kulia? Unarudi nyuma hatua tano sita, unakimbia, unaruka. Sasa jiulize, je, unaruka kwenda juu? La hasha! Anayejirusha juu lazima kwanza apunguze mbio ili apate kujisukuma, na akishapunguza mbio anatua katikati, soksi nyeupe zikaisha hapo hapo. Anayejua kuruka huja na mbio zake zote na kuvuka chini-chini, kama jiwe la kurushwa juu ya maji. Hakuna aliyetufundisha. Ni mtaro wenyewe uliotufundisha.

Basi tulipofika kidato cha tatu, mwalimu wetu wa fizikia alituletea mada ya mwendo wa kitu kilichorushwa. Akachora jiwe, akachora mpira, akachora tufe. Akatueleza kwamba kitu kikishaachiliwa hewani huwa na mienendo miwili kwa wakati mmoja. Mmoja ni wa kwenda mbele, nao hauongezeki wala haupungui, tukiacha kando upepo. Wa pili ni wa kwenda juu na kurudi chini, nao uko mikononi mwa mvutano wa dunia, ambao hupunguza kasi ya kupanda kwa mita 10 hivi kwa sekunde kila sekunde inayopita, hata kitu kisimame huko juu na kuanza kushuka. Mienendo hii miwili haiulizani habari. Wa mbele haujui wa juu unafanya nini.

Tukaambiwa pia kwamba ukitaka jiwe lifike mbali kabisa kwenye uwanja tambarare, lirushe kwa pembe ya digrii 45. Hilo tulilipenda sana. Darasa zima likakariri 45. Ndipo mwalimu akatuuliza mruka viunzi naye aondoke ardhini kwa digrii ngapi. Tukajibu kwa sauti moja, kama kwaya. Mwalimu akacheka, akafuta ubao, akatoka. Alituacha na aibu yetu mpaka kipindi kilichofuata.

Mimi swali hilo liliniuma kuliko wenzangu, na sababu ninayo gotini. Kwenye mashindano ya shule za eneo letu nilijiandikisha mbio za viunzi. Sikuwa nimewahi kuruka kiunzi halisi, maana uwanja wetu ni wa vumbi na viunzi vyetu vilikuwa fito zilizowekwa juu ya mawe. Niliruka cha kwanza, nikaruka cha pili, na cha tatu nikakipiga kwa goti na kwenda nacho chini. Watu walicheka mpaka wengine wakashika viuno. Nikajiambia lazima nijue nilikosea wapi. Katika kutafuta huko ndiko nilikokutana na Akii-Bua.

Alizaliwa tarehe 3 Desemba 1949 huko Abako, katika nchi ya Walango, kaskazini mwa Uganda. Baba yake alikuwa chifu mwenye wake wengi, na watoto wa nyumba hiyo walifika 43. Arubaini na watatu, msomaji! Hiyo ni darasa letu zima na monita wake. John alilelewa kama watoto wote wa huko, akichunga ng'ombe wa baba yake. Damu ya michezo ilikuwako kwa jamaa hiyo, kwa maana mmoja wao, Lawrence Ogwang, aliiwakilisha Uganda katika miruko mitatu kwenye Olimpiki ya Melbourne mwaka wa 1956. Hata hivyo masomo ya John hayakwenda mbali. Aliacha shule mapema, akafanya kazi ya kuuza katika baa ya ndugu yake, kisha akajiunga na polisi ya Uganda.

Ni polisi ndiko kipaji chake kilikoonekana. Siku hizo majeshi na polisi wa Afrika Mashariki ndio waliokuwa mama wa riadha, kwa sababu huko kijana alipata chakula, viatu, na wakati wa kufanya mazoezi. Kulikuwa na polisi mmoja aitwaye Jorem Ochana, ambaye mwenyewe alikuwa bingwa wa viunzi. Ochana alimchukua Akii-Bua na kumwanzisha katika mbio fupi za viunzi, zile za mita 110.

Na hapa ndipo hadithi inaponoga. Akii-Bua mwenyewe alisimulia baadaye jinsi Ochana alivyomfundisha. Alichukua ule mti unaotumiwa katika mchezo wa kuruka juu, akauweka juu ya kiunzi kwa nafasi kidogo, hata pakawa na kama kidirisha. Chini kuna kiunzi, juu kuna mti. Kijana apite katikati! Ukiinuka zaidi ya inavyotakiwa, mti unakupiga kichwani. Akii-Bua alipigwa, akatoka damu, na kovu la kwenye paji la uso akabaki nalo. Niliposoma hayo nililitazama goti langu nikaona kumbe mimi bado sijaumia.

Lakini kwa nini mateso hayo yote? Hebu tukae chini tupige hesabu, na usiogope, ni hesabu ya kidato cha tatu tu.

Kiunzi cha mita 400 kwa wanaume kina urefu wa sentimita 91.4. Akii-Bua alikuwa na urefu wa mita 1.88 hivi. Katika mwili wa kila mtu kuna mahali ambapo ni kama uzito wote umekusanyika, tupaite kitovu cha uzito, na kwa mtu aliyesimama pako karibu na kitovu chenyewe cha tumbo, au chini yake kidogo. Kwa mtu wa kimo kile ni kama mita moja na sentimita tano kutoka ardhini. Umeona? Kitovu cha uzito tayari kiko juu ya kiunzi kabla hajaruka! Akiweza kukunja miguu yake kama panzi, hana haja ya kujiinua sana. Shida haiko kwenye mwili, iko kwenye miguu. Kinachotakiwa kupanda ni mguu wa mbele na goti la mguu wa nyuma, siyo mtu mzima.

Tuseme sasa mkimbiaji anakuja kwa kasi ya mita 8 kwa sekunde, nayo ni kasi ya kweli kwa mbio hizi. Tuseme anakaa hewani kwa sekunde 0.4. Mwendo wa mbele haubadiliki, kwa hivyo atavuka mita 8 mara 0.4, yaani mita 3.2. Na je, atapanda kiasi gani? Nusu ya wakati anapanda, nusu anashuka, basi kupanda ni sekunde 0.2. Zidisha 0.2 kwa 0.2 upate 0.04, kisha zidisha kwa 5, ambayo ni nusu ya 10, upate mita 0.2. Sentimita ishirini tu! Rula yako ni ndefu kuliko hapo. Na kasi aliyoondoka nayo kwenda juu ni mita 10 mara 0.2, yaani mita 2 kwa sekunde. Mbili za juu dhidi ya nane za mbele. Tafuta pembe yake kwenye kitabu cha majedwali utapata digrii 14. Kumi na nne, siyo 45. Darasa zima tulikuwa tumepotea.

Sasa mfikirie yule anayeruka kwa woga, kama nilivyoruka mimi. Anakaa hewani sekunde 0.5 badala ya 0.4. Utasema ni kitu gani hicho, sehemu moja ya kumi ya sekunde? Piga tena hesabu ile utaona amepanda sentimita 31. Amejiinua sentimita 11 bure, na ili azipate imembidi akanyage breki kabla ya kuruka, sawasawa na yule wa mtaroni. Na viunzi ni kumi. Mwenzake atakuwa amekaa hewani sekunde 4 katika mbio zote, yeye sekunde 5.

Hapo niliteleza tena, na mwalimu akanirekebisha, basi nawe nikutahadharishe usiteleze. Nilidhani sekunde ya hewani imepotea yote. Sivyo. Ukiwa hewani bado unaenda mbele, tena kwa kasi ile ile uliyoondoka nayo. Ubaya wake ni kwamba huwezi kuiongeza. Hewani hakuna cha kusukuma. Mtu akiwa ardhini anaweza kukazana, akiwa hewani ni mzigo tu kama gunia, akingoja dunia imrudishe. Tena aliyepanda sana hutua kwa kishindo zaidi, na kishindo hicho nacho kinamla kasi. Ndiyo maana Ochana aliweka ule mti. Hakumwandikia kijana wake hesabu hii ubaoni, alimwandikia kwenye paji la uso.

Kwa viunzi vya mita 110 ni vigumu hata zaidi, kwa maana vile vina sentimita 106.7, karibu sawa na kitovu cha uzito chenyewe. Akii-Bua alijaribu kufuzu kwa Olimpiki ya Mexico ya mwaka wa 1968 katika mbio hizo akashindwa. Mwaka huo huo alifika Uganda kocha Mwingereza aitwaye Malcolm Arnold. Huyu alimtazama, akaona ana mbio, ana pumzi na ana miguu mirefu, akamhamisha kwenye mita 400.

Mtu anaweza kudhani kwamba amepelekwa kwenye kazi rahisi kwa kuwa viunzi ni vifupi. Wapi! Mita 400 za viunzi wanariadha wenyewe huziita mbio za kuua mtu. Kiunzi cha kwanza kiko mita 45 kutoka mwanzo, vinavyofuata vimeachana kwa mita 35, na kutoka cha mwisho mpaka utepe ni mita 40. Ukitoa zile mita 3.2 za hewani, kati ya kiunzi na kiunzi unabaki na mita 31.8 za kukimbia. Ukizigawanya kwa hatua 13, kila hatua ni mita 2.45 hivi. Kwa hatua 15 ni mita 2.12. Mtu akichoka hatua zake hufupika, na zikifupika kidogo tu anafikia kiunzi mahali pabaya, ama karibu mno ama mbali mno. Akiwa karibu mno hana budi kupanda kwa pembe kali. Akiwa mbali mno anaanza kushuka kabla hajavuka. Mimi nilikuwa mbali mno. Nilikuwa tayari ninashuka, na goti likakikuta kiunzi kikingoja.

Mwaka wa 1970 Akii-Bua alikwenda Edinburgh kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, akamaliza wa nne. Katika fainali hiyo nishani ya fedha ilichukuliwa na William Koskei, ambaye wakati huo aliikimbilia Uganda na baadaye akaikimbilia Kenya yetu. Wa nne hapewi kitu, lakini Arnold na kijana wake walirudi Kampala wakakaza kamba. Akii-Bua alisimulia kwamba alikuwa akikimbia mita 1,500 akiruka viunzi vilivyoinuliwa mpaka kimo cha vile vya mita 110, huku amevaa fulana yenye uzito wa kilo kama 11. Kilo kumi na moja ni mtungi wa maji wa lita kumi pamoja na mtungi wenyewe. Kina mama zetu hapa wanaujua uzito huo vizuri wakitoka kwenye bomba, lakini hawarukishwi nao viunzi! Mwaka wa 1971 ndiye aliyekuwa na muda bora kuliko watu wote duniani katika mbio zake. Hata hivyo wenye kujua mambo huko Ulaya hawakumtia sana maanani. Walisema hajashindana vya kutosha.

Katika mwaka huo huo wa 1971, mwezi wa Januari, Idi Amin alikuwa amempindua Rais Milton Obote. Obote alikuwa Mlango, na baada ya mapinduzi askari wengi wa Kilango na Kiacholi waliuawa kambini. Kijana aliyekuwa akiruka viunzi na kilo 11 mgongoni alikuwa Mlango vilevile. Hilo tuliweke akilini, tutalirudia.

Twende sasa Munich, Ujerumani, tarehe 2 Septemba 1972. Fainali ya viunzi mita 400. Yupo David Hemery wa Uingereza, bingwa wa Olimpiki ya 1968, ambaye rekodi yake ya dunia ya sekunde 48.12 aliiweka Mexico kwenye hewa nyepesi ya mlimani. Yupo Ralph Mann wa Marekani. Na yupo Akii-Bua, ambaye kura imemtupa njia ya kwanza, ile ya ndani kabisa.

Asiyekimbia atasema njia ya ndani ndiyo fupi. Si kweli, wote hukimbia mita 400, ndiyo maana wa nje hupangwa mbele. Ubaya wa njia ya kwanza ni kona. Kwenye kiwanja cha kawaida duara la njia ya kwanza lina nusu-kipenyo cha mita 36 na nusu hivi, na la njia ya nane ni kama mita 45. Kona ya ndani ni kali zaidi, kama matatu inayokata kona kwa ghafla na abiria wote wanalaliana.

Na kwa mruka viunzi kuna tatizo ambalo mkimbiaji wa kawaida halijui. Kumbuka ule mwendo wa mbele. Mtu akishaondoka ardhini hawezi kupinda. Umtazame kutoka juu, kama ndege anavyomtazama, utaona anakwenda moja kwa moja kwenye mstari ulionyooka, huku kona chini yake inaendelea kupinda kushoto. Anapotua anakuta njia yake imemhama! Kwa kiasi gani? Chukua mita 3.2 za hewani, uzizidishe zenyewe kwa zenyewe upate 10.24, kisha ugawanye kwa mara mbili ya nusu-kipenyo, yaani 73. Jibu ni mita 0.14. Sentimita 14 kwenda nje kwa kila kiunzi cha kwenye kona. Katika njia ya nane ni sentimita 11. Kwa hiyo wa njia ya kwanza lazima aelekeze mwili wake ndani zaidi kabla ya kuruka, maana akisharuka hana tena usukani. Akikosea, mguu wake utapita nje ya kiunzi, na huko ni kuondolewa mashindanoni. Kwa njia ya kwanza viunzi kama sita katika kumi vinaangukia kwenye kona. Yote hayo ayatatue akiwa anakimbia, bila kalamu.

Bastola ikalia. Hemery alitoka kwa kasi kubwa kama alivyofanya Mexico. Akii-Bua, kwa kuwa yuko ndani, aliwaona wote mbele yake, na kuwaona si lazima kuwe hasara. Walipoingia kona ya mwisho alikuwa anawala mmoja mmoja. Kwenye mstari wa mwisho Hemery alikuwa amechoka, na yule polisi wa Kampala akampita, akafika kwenye utepe peke yake. Saa ilisimama kwa sekunde 47.82. Rekodi ya dunia! Kabla ya siku hiyo hakuna binadamu aliyekuwa amekimbia mbio hizo chini ya sekunde 48. Mann alikuwa wa pili kwa 48.51, na Hemery wa tatu kwa 48.52. Ukipiga hesabu kwa mita 8 kwa sekunde, Akii-Bua alimwacha Mann kwa zaidi ya mita tano, na Mann akamwacha Hemery kwa sentimita nane tu.

Ndiyo iliyokuwa dhahabu ya kwanza ya Uganda katika Olimpiki. Akii-Bua hakusimama. Aliendelea kukimbia kuzunguka uwanja, akipungia watu, na kwa furaha aliruka viunzi ambavyo havikuwapo, akivuka hewa tupu. Wapo wanaosema hapo ndipo mtindo wa bingwa kuzunguka uwanja ulipopata umaarufu. Siku tatu baadaye michezo hiyo iliingia giza, wanamichezo wa Israeli waliposhambuliwa na kuuawa, na dunia ikasahau kucheka. Lakini Uganda ilikuwa na shujaa. Amin alimpandisha cheo na kumpa nyumba, na barabara moja ya Nakasero, Kampala, ikaitwa Akii-Bua. Januari 1973 alikwenda Lagos akachukua dhahabu ya michezo ya Afrika nzima.

Sasa turudi kwa lile nililosema tuliweke akilini. Serikali iliyomvika maua ndiyo iliyokuwa ikiwaua watu wa kabila lake. Ndugu zake watatu waliuawa. Na Amin alipenda kumtaja Akii-Bua kama mfano, kuonyesha kwamba Mlango naye anaweza kuishi vizuri chini ya utawala wake. Mtu afanyeje hapo? Akikubali sifa, ndugu zake watamwona msaliti. Akizikataa, yeye mwenyewe atakwenda. Mimi nimelifikiria jambo hili usiku mwingi na sina jibu. Yeye aliendelea kukimbia.

Mwaka wa 1976 alijiandaa kwenda Montreal kutetea dhahabu yake. Timu za Afrika zikasusia michezo kwa sababu New Zealand, ambayo timu yake ya raga ilikuwa imezuru Afrika Kusini ya ubaguzi, iliruhusiwa kushiriki. Uganda ilisusia, na Kenya yetu vilevile. Siwezi kusema kususia kulikuwa kosa, lakini wanariadha ndio waliolipa. Siku ile kijana wa Marekani, Edwin Moses, mwanafunzi wa fizikia (naam, fizikia!), alikimbia sekunde 47.64 na rekodi ya Akii-Bua ikaanguka. Moses alikuwa na miguu ya kutumia hatua 13 kutoka kiunzi cha kwanza hadi cha kumi bila kubadilisha. Wawili hao wangekutana ingekuwa mbio ya kusimuliwa. Hawakukutana hapo.

Mwaka wa 1979 majeshi ya Tanzania pamoja na Waganda wa uhamishoni yaliingia Kampala na utawala wa Amin ukaanguka. Ungedhani Mlango angeshangilia. Lakini Akii-Bua aliogopa kwamba waliokuja watamhesabu kuwa mtu wa Amin kwa sababu ya ile nyumba na zile sifa. Akaikimbia nchi pamoja na familia yake, akaingia Kenya. Ndiyo, msomaji, alikuja kwetu. Bingwa wa dunia alivuka mpaka kama watu wengine waliovuka na vifurushi vyao, na huku akawekwa katika kambi ya wakimbizi. Katika safari hiyo ya taabu mkewe alijifungua kabla ya wakati na mtoto akafariki.

Kampuni ya Puma, ambayo viatu vyake alikuwa akivaa, ilipopata habari ilimtoa kambini na kumpeleka Ujerumani, akafanya kazi kwao miaka kadhaa. Akiwa huko alikwenda Moscow kwenye Olimpiki ya 1980. Alikuwa na miaka 30, hakuwa na mazoezi ya kutosha, na hakufika fainali.

Mwaka wa 1983 alirudi nyumbani Uganda, akarudi polisi, akawa kocha wa vijana. Mambo hayakuwa mengi tena ya kuandikwa magazetini. Alifariki Kampala tarehe 20 Juni 1997, akiwa na miaka 47 tu, mjane aliyefiwa na mkewe, akaacha watoto kumi na mmoja. Serikali ilimzika kwa heshima zote za kitaifa. Huko Lira uwanja wa michezo umepewa jina lake. Dhahabu nyingine ya Olimpiki Uganda iliingoja mpaka mwaka wa 2012, Stephen Kiprotich aliposhinda marathoni mjini London. Miaka arubaini kamili.

Nimebakiza jambo moja dogo. Muhula uliopita, mimi na wenzangu wawili tulitengeneza viunzi vipya vya mbao, tukavipima kwa utepe wa fundi mpaka sentimita 91. Juu yake, kati ya milingoti ya goli, tulifunga kamba ya katani badala ya ule mti wa Ochana, kwa sababu hatukutaka kovu la paji la uso. Siku ya kwanza kamba ilinishika shingoni mara nne. Siku ya pili mara moja. Mwenzangu mwenye saa ya kusimamisha alinipima nikiwa hewani, na kwa kidole chake kisichoaminika alipata sekunde 0.45. Piga hesabu mwenyewe nilipanda sentimita ngapi, kisha uje uwanjani Jumatano jioni baada ya masomo. Kamba bado iko.